Damu Yangu ni Moja au ni Tatu?

Mheshimiwa mgeni rasmi, madaktari, matabibu na wauguzi, maafisa mifugo, wazee wetu wafugaji mliotoka mbali alfajiri, na ninyi wenzangu wa maabara ambao leo mmewaachia wachache zamu ili mfike hapa: itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie makosa ya vipimo katika magonjwa tunayoyapata kutoka kwa wanyama. Ningeweza kuanza na mashine. Nitaanza na mama mmoja.

Alikuja dirishani kwetu miaka kumi na kitu iliyopita, kituo nilichokuwa nafanya kazi wakati huo. Mama wa makamo, shuka mbili begani, mkono mmoja ameshika kiuno kwa nyuma. Kwenye mfuko wa nailoni alikuwa na karatasi tatu zimekunjwa mara nne, zimechakaa kwenye mikunjo mpaka maandishi ya katikati yamefutika. Alizipanga kwenye kizingiti cha dirisha, moja baada ya nyingine, akazilainisha kwa kiganja. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye unayepima damu. Niambie, damu yangu ni moja au ni tatu?"

Karatasi ya kwanza ilisema brusela hasi, yaani hana ule ugonjwa wa homa tunaoupata kutoka kwa mifugo. Ya pili ilisema chanya, na kulikuwa na tarakimu za aina mbili za brusela: abortus 1:80, melitensis 1:160. Ya tatu ilisema "brusela: chanya" na basi. Haikutaja kipimo gani kimetumika, wala kiwango, wala saa sampuli ilipochukuliwa. Chini kulikuwa na sahihi. Ilikuwa yangu.

Karatasi zote tatu zilitoka ndani ya miezi mitano. Kwa karatasi hizo alikuwa amekunywa doksisaiklini wiki sita, mara mbili, na kuchomwa sindano za streptomaisini mpaka makalio yakawa magumu. Kila mara alipata nafuu kidogo, akarudi kukama, kisha homa za jioni na maumivu ya mgongo yakarudi palepale. Mwishowe, kwenye hospitali kubwa, picha ya mgongo ilionyesha pingili mbili zimeliwa. Ilikuwa TB ya uti wa mgongo.

Nafuu ile ndiyo nataka muishike, kwa sababu nitairudia. Streptomaisini ni dawa inayoua vimelea vya TB pia. Kwa hiyo sindano za ugonjwa asiokuwa nao zilikuwa zinamtuliza kidogo ule aliokuwa nao. Sisi tulioandika chanya tulipomwona amepata nafuu tukasema, mnaona, kipimo kilikuwa sahihi.

Sasa niwaambie nilichofanya mimi. Siwezi kuapa ni slaidi ipi ilikuwa yake, lakini najua tulivyokuwa tunasoma slaidi wiki zile. Vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vilikuwa vimeisha, boksi jipya likaletwa Ijumaa. Jumamosi umeme ukakatika, na Jumatatu friji ilikuwa na joto la chumba. Vichupa havikutupwa kwa sababu hakukuwa na vingine. Seramu, yaani majimaji ya damu, ya udhibiti, ile ambayo unajua kwa hakika ni chanya na ile ambayo unajua ni hasi, hatukuwa nayo kabisa. Nje kulikuwa na foleni. Ukidondosha tone la seramu na tone la kitendanishi kwenye slaidi, ukachanganya kwa kijiti, una dakika chache tu za kutikisa na kusoma. Katikati ya dakika hizo anaingia muuguzi anakimbia: mzazi anavuja damu, pimeni damu ya kumwongezea. Unaiacha slaidi, nawe ulipaswa kuiacha. Unaporudi, matone yameanza kukauka pembeni. Tone linalokauka hufanya chembechembe ukingoni, na chembechembe zile, kwa macho ya mtu aliyechoka, ni sawasawa na zile za mgandano wa kweli, ule unaosomwa kuwa chanya. Ukiwa na shaka unafanya nini? Mgonjwa ana homa, ana mifugo, anakunywa maziwa mabichi, daktari ameandika "brusela?" kwenye fomu. Unaandika chanya. Slaidi ile ilipaswa kwenda kwenye ndoo ya taka na kazi kuanza upya.

Wenzangu wa maabara, natamani tatizo lingeishia kwenye mkono wangu na friji ile. Mkono unafundishika, na friji inanunuliwa. Lakini hata slaidi ikifanywa vizuri kabisa, na mtu ametulia, kipimo kile tulichokitegemea kingeendelea kutudanganya. Naomba tuhesabu pamoja.

Hapa mbele kuna safu kumi za viti, kila safu watu kumi. Tuseme ninyi mia moja wote mmekuja kliniki mna homa na viungo vinauma. Tuseme mwenye brusela kweli ni mmoja tu, yule dada wa kilemba cha kijani. Samahani dada, ni mfano. Kipimo chetu kikipewa watu mia wasio na brusela, kinawapa themanini jibu sahihi la hasi, na ishirini kinawasingizia. Ukisikia themanini kwa mia unaona ni alama nzuri, mtoto akileta nyumbani unamnunulia soda. Sasa naomba safu mbili za nyuma zisimame. Ahsanteni. Hao ishirini wameandikiwa chanya na hawana kitu. Na dada wa kijani, tukichukulia kipimo kimemkamata, asimame pia. Mwangalieni yeye, halafu muwaangalie wale. Waliosimama ni ishirini na mmoja, mgonjwa wa brusela ni mmoja. Lakini mkifika dirishani karatasi zenu zinafanana, hakuna wa kuwatofautisha. Kaeni, ahsanteni sana.

Huo si mfano nilioutunga ili kuwatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia wagonjwa zaidi ya 800 magharibi mwa Kenya, waliopimwa vituoni kwa kipimo hichohicho cha haraka cha matone ya rangi, kile chenye vichupa viwili. Vituo viliwakuta karibu mmoja kati ya watano ana brusela. Seramu zilezile zilipopimwa kwa kipimo kingine kinachoaminika zaidi, waliokutwa nayo walikuwa kama mmoja kati ya mia. Ni vituo vya kawaida, kama vyetu.

Kwa nini kinasingizia hivyo? Kwanza tukumbuke kinapima nini. Hakimtafuti kimelea mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili umeacha baada ya kupambana. Mfugaji aliyekunywa maziwa mabichi tangu utotoni anaweza kuwa alipambana na brusela miaka mitatu iliyopita, akapona, na alama bado zipo. Leo ameumwa na kitu kingine. Ukimpima utakuta alama za vita vya zamani, na utamtibu vita vya zamani. Pia kuna bakteria wengine waliovaa koti linalofanana na la brusela. Aina moja ya yesinia, ile inayopatikana sana kwa nguruwe, ina ganda la nje linalokaribiana nalo kiasi kwamba kingamwili zake hushika kitendanishi cha brusela bila kujua tofauti. Na kile kichupa cha "abortus" na kile cha "melitensis" visiwafanye mdhani tumetambua kama ugonjwa umetoka kwa ng'ombe au kwa mbuzi. Ganda ni lilelile. Slaidi haiwezi kusema hivyo, hata ukiisoma kwa darubini.

Hapa nawageukia ndugu zangu wa mifugo, maana jambo hili linanichoma. Kipimo kizuri zaidi kwa kituo kidogo kimekuwa mikononi mwenu miaka yote. Kinaitwa Rose Bengal. Ni brusela waliouawa, wakatiwa rangi ya waridi, wakawekwa kwenye maji yenye uchachu. Uchachu ule ndio siri, unapunguza ile migandano ya uongo. Mikrolita 30 za seramu, mikrolita 30 za kitendanishi, unatikisa dakika nne, unasoma. Bei yake ni ndogo. Wilaya moja niliyowahi kufanyia kazi, ofisi ya mifugo ilikuwa na Rose Bengal kwenye friji yake, wanapima ng'ombe wa kusafirishwa. Hospitali, ng'ambo ya barabara ya vumbi, ilikuwa inanunua vichupa vya rangi kwa bei kubwa zaidi na kuwaandikia watu majibu ya uongo. Barabara ile inavukwa kwa miguu ndani ya dakika tatu, na sisi hatukuivuka. Ng'ombe wa wilaya ile alipimwa vizuri kuliko mwenye ng'ombe.

Wala si jambo jipya kwamba majibu ya binadamu yamo zizini. Kisiwani Malta, daktari wa jeshi David Bruce alimpata kimelea wa homa ya brusela mwaka 1887, lakini watu waliendelea kuumwa kwa karibu miaka ishirini bila kujulikana inatoka wapi. Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, akapima damu ya mbuzi. Mbuzi walikuwa wanang'aa, wanakamwa kila asubuhi mlangoni kwa watu, hakuna aliyewashuku. Seramu yao ikawagandanisha vimelea wale.

Nilisema nitairudia ile nafuu. Mwaka 2007 hadi 2008, hapahapa Moshi, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa hospitali za KCMC na Mawenzi wakiwa na homa. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Nawaomba msipite haraka hapo: 528, na 14. Watafiti walipotafuta kwa vipimo vya maana, pamoja na kuwaita wagonjwa warudi wiki kadhaa baadaye watolewe damu mara ya pili, walikuta zaidi ya robo ya waliopimwa wana magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama: homa ya Mgunda (leptospirosisi), homa ya Q, riketsia za kupe, na brusela. Wodini hayakuwa yakifikiriwa.

Sasa chukueni orodha hiyo muiangalie kwa jicho la mfamasia. Homa ya Q inatibika kwa doksisaiklini. Riketsia za kupe, doksisaiklini. Homa ya Mgunda ikiwa haijawa kali, doksisaiklini pia inasaidia. Mtu mwenye homa ya Q akiandikiwa brusela kwa makosa, akapewa doksisaiklini, atapona. Atarudi kijijini aseme nilikuwa na brusela, nimetibiwa nimepona. Tabibu ataamini kipimo chake. Mkuu wa kituo ataagiza boksi jingine la vichupa. Hakuna mtu mwongo katika mlolongo huo, na kosa linapata heshima zaidi kila mwezi. Ndiyo maana makosa haya hudumu miaka. Yanaponyesha watu wa kutosha kuaminika.

Wasiopona hatuwaoni, wanahamia kituo kingine na karatasi zao kwenye mfuko wa nailoni. Na kwa mwenye TB madhara ni makubwa kuliko kucheleweshwa. Tiba nyingine ya brusela hutumia rifampisini, nguzo ya tiba ya TB. Ukimpa mwenye TB rifampisini kwa wiki sita bila dawa zake nyingine kamili, unawafundisha vimelea wake kuishi nayo. Utakuwa umechukua TB ya kawaida ukaifanya sugu, kwa sababu ya tone lililokaukia kwenye slaidi.

Nimezungumza sana juu ya chanya ya uongo. Hasi ya uongo ni fupi kueleza, lakini inaua haraka zaidi. Kingamwili hazizaliwi siku ya homa. Kwa homa ya Mgunda kwa kawaida huanza kuonekana baada ya siku tano hadi saba tangu kuugua. Mtu akifika siku ya pili, ukampima kingamwili, ukaandika hasi, umeandika ukweli wa slaidi na si ukweli wa mgonjwa. Ndiyo sababu nataka fomu zetu ziwe na swali moja ambalo nyingi hazina: homa ilianza lini? Bila siku hiyo, mimi maabara siwezi kujua hasi yangu ina uzito gani, na wewe daktari huwezi kujua.

Mnakumbuka Lindi, Julai 2022. Wilaya ya Ruangwa, watu wanaugua homa, wanatokwa damu puani, wanaishiwa nguvu, watatu wakafariki. Hofu ilikuwa kubwa. Sampuli zikapimwa Ebola, hasi. Marburg, hasi. Uviko, hasi. Ingekuwa desturi yetu ya kila siku, kazi ingeishia hapo: vipimo vimetoka safi, nenda nyumbani, kunywa maji mengi. Safari ile hawakuacha. Waliuliza watu wanalima wapi, wanakunywa maji gani, wanyama gani wako karibu, wakapima tena kitu kingine. Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni leptospirosisi, na nchi nzima ikajifunza jina homa ya Mgunda. Hasi tatu zilichukuliwa kama njia zilizofungwa, kwa hiyo wakatafuta nyingine. Nauliza tu: kwa nini tulifanya hivyo pale vifo vilipofika kwenye magazeti, na hatufanyi kwa mzee mmoja kwenye benchi la nje siku ya Jumanne? Yeye tunamwambia ana UTI na taifodi, tunamwandikia dawa za vyote viwili, anaondoka.

Wazee wangu wafugaji, ninyi pia nina neno kwenu, na nalisema kwa heshima. Daktari akikuuliza kama una ng'ombe, usijibu "ndiyo" ukanyamaza. Sema kama kuna mtamba aliyetupa mimba mwezi uliopita. Sema ni nani aliyemzalisha yule mbuzi na kama alikuwa na glavu. Najua mnaona ni habari za zizini, hazina nafasi mbele ya koti jeupe. Mimi nawaambia habari hiyo inaweza kuwa na uzito kuliko slaidi yangu. Mtu mwenye homa ya wiki tatu, jasho la usiku, na ng'ombe wawili waliotupa mimba, chanya yake naiamini. Yule wa mjini asiyegusa mnyama, anayekunywa maziwa ya pakiti, chanya yake naipima tena kabla sijaisaini. Damu ni ileile na tone ni lilelile, ila kinachofanya jibu liwe na maana kimekaa mdomoni mwa mgonjwa, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Nanyi matabibu, mkiona chanya isiyofanana na mgonjwa, njooni maabara. Msiogope kwamba mnatudharau. Kwa miaka yangu yote ya dirishani, madaktari waliowahi kuja na karatasi mkononi wakaniuliza "hili ulilisomaje?" nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kila mmoja wao alinifanya niipime sampuli upya, na mara mbili nilikuta nimekosea. Mara mbili. Wagonjwa wale wawili hawajui kamwe kilichotokea. Mimi nakijua.

Mgeni rasmi, ombi langu kwako si jengo. Ni seramu za udhibiti kwenye kila friji inayopima brusela, friji yenye kipimajoto na daftari la kuandika joto asubuhi na jioni, na ruhusa ya maandishi ya maabara kusema "leo hatupimi" pale vitendanishi vinapokuwa vimepata joto. Sisi huogopa kusema hivyo. Mgonjwa ametoka mbali, mkuu anauliza mapato, basi tunapima. Na kile kipande cha barabara kati ya ofisi ya mifugo na hospitali, naomba uagize watu wakivuke. Dawati la Afya Moja, la kuunganisha afya ya watu na ya wanyama, liko Ofisi ya Waziri Mkuu, mpango upo kwenye karatasi. Wilayani bado tunapigiana simu kwa kujuana.

Mama yule alitibiwa TB yake mpaka mwisho. Mgongo haukunyooka, anatembea kwa fimbo. Niliwahi kumtembelea bomani kwake kumwambia kwamba karatasi ya tatu nilikuwa nimeiandika mimi. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, akamwita mjukuu alete kigoda nikae. Kisha akaniuliza kama siku hizi tunapima vizuri.

Swali lake ndilo tutakalolijibu baada ya chai. Kwenye meza ile pale dirishani nimepanga slaidi na seramu tano, nimezipa namba. Chanya ni ngapi, hasi ni ngapi, ninajua mimi peke yangu. Kitendanishi kimetoka kwenye kisanduku baridi saa hizi ili kifike joto la chumba kabla hatujaanza. Kila mmoja atapima zote tano na kuandika majibu yake bila kumwangalia mwenzake, maabara na mifugo pamoja, na madaktari wakipenda. Ni dakika nne, si tano, na saa nitaishika mimi. Slaidi ikianza kukauka pembeni, itupwe, uanze upya.

Karibuni chai.